Daniel Boone, Mwindaji wa Kentucky

Katika karne ya kumi na nane, watu waliotoka Ulaya kwenda kukaa Marekani walikuwa hawajaenea mbali na bahari ya mashariki. Nyuma yao ilisimama milima ya Appalachian, yenye misitu minene, nayo imenyoka kutoka kaskazini hata kusini kama ukuta wa boma. Ng'ambo ya milima hiyo palikuwa na nchi waliyoijua kwa kusikia tu. Wafanya biashara wachache waliofika huko walirudi na habari za makundi ya nyati, na kulungu wasiohesabika, na ardhi yenye rutuba kuliko mashamba yao yote. Nchi hiyo ni Kentucky. Wala haikuwa nchi isiyo na wenyewe. Washawnee waliokaa kaskazini ya mto Ohio, na Wacherokee waliokaa upande wa kusini, waliwinda humo tangu zamani za baba zao, nao waliiona kuwa ghala yao ya nyama na ngozi.

Daniel Boone alizaliwa Pennsylvania mwaka 1734. Baba yake, aliyeitwa Squire Boone, alikuwa ametoka Uingereza, naye alikuwa mfumaji wa nguo, na mhunzi, na mkulima pia. Jamaa hao walikuwa Waquaker, watu wasiopenda vita. Daniel alipokuwa mtoto alipewa kazi ya kuchunga ng'ombe wa mama yake katika malisho yaliyo mbali na nyumba, na huko ndiko alikopata elimu yake. Kabla hajapewa bunduki alikuwa na rungu la kuchonga mwenyewe, akawinda ndege na wanyama wadogo. Hata alipopata bunduki yake ya kwanza, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, ng'ombe walianza kusahauliwa, na mara kwa mara kijana hakurudi jioni. Kusoma alijua, na kuandika pia, ila maandiko yake yalikuwa na makosa mengi hata uzeeni. Lakini alama za mnyama aliyepita juu ya majani makavu alizisoma bila kukosea.

Jamaa yake walihama wakaenda kusini, katika bonde la mto Yadkin, North Carolina. Mwaka 1755 Daniel alichukuliwa vitani kuwa mwendesha gari la farasi katika jeshi la jemadari Braddock, lililoshindwa vibaya na Wafaransa na rafiki zao. Katika safari hiyo alikutana na mtu mmoja aitwaye John Findley, aliyekuwa amefika Kentucky kwa biashara. Usiku, karibu na moto, Findley alimsimulia habari za nchi ile, na habari hizo zilimkaa Daniel moyoni muda wa miaka kumi na minne.

Mwaka 1756 akamwoa Rebecca Bryan. Walijaliwa watoto kumi. Daniel alilima kama majirani zake walivyolima, lakini kilimo hakikumpendeza. Kila mavuno yalipokwisha alichukua bunduki akaingia mwituni, naye hakuonekana tena mpaka majira ya kuchipua. Kazi hiyo haikuwa mchezo. Ngozi za kulungu zilinunuliwa kwa bei nzuri na kupelekwa Ulaya, na farasi mmoja aliweza kubeba ngozi karibu 100. Ngozi za biva, mnyama wa majini mwenye manyoya mazito, zilipata bei kubwa zaidi, kwa kuwa zilitumiwa kutengeneza kofia. Naye Boone alihitaji fedha, maana madeni yalimwandama siku zote. Wakati wote aliokuwa mwituni, Rebecca alilima, akachanja kuni, akalinda watoto, na alipokosa nyama akaenda kuwinda yeye mwenyewe. Watu wengi humsifu mume kwa kuweza kukaa peke yake. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mkewe naye aliachwa peke yake.

Mwanzo wa mwaka 1769 Findley alitokea nyumbani kwa Boone, akichuuza bidhaa ndogo ndogo. Habari za kale zikaamshwa. Tarehe 1 Mei wakaondoka watu sita, nao ni Boone, na Findley, na shemeji yake Boone aitwaye John Stewart, na watu watatu wa kuwafanyia kazi kambini. Wakapita katika Mwanya wa Cumberland, ambapo mlima umekatika na njia ya zamani ya Wacherokee na Washawnee inapita, na tarehe 7 Juni Boone akaitazama Kentucky kwa macho yake. Wakajenga kambi, wakaanza kuwinda. Ngozi zikaongezeka miezi sita, hata wakaona kwamba madeni yote yatalipwa.

Desemba, siku tatu kabla ya Krismasi, Boone na Stewart walikamatwa na kundi la Washawnee waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni. Mkubwa wao aliitwa na Waingereza Captain Will. Hakuwaua. Aliwaamuru wamwonyeshe kambi zao zote, akachukua ngozi na farasi na bunduki nzuri, kisha akawapa viatu vya ngozi, na bunduki moja ndogo, na baruti kidogo ya kuwafikisha kwao. Akawaonya wasirudi tena, kwa sababu wanyama wa nchi ile ni mali ya Washawnee, na wakirudi nyigu watawauma. Mtu akipima jambo hili kwa haki ataona kwamba Captain Will alimtendea mwizi kwa upole kuliko mashamba mengi ya Wazungu yalivyowatendea wezi wao. Hata mfalme wa Uingereza mwenyewe alikuwa amewakataza watu wake, mwaka 1763, wasivuke milima kwenda kukaa huko.

Lakini Boone hakusikia onyo. Findley na wale watatu wakarudi kwao. Ndugu yake Boone, aliyeitwa Squire kama baba yao, akatokea kutoka Carolina pamoja na rafiki aitwaye Alexander Neely, wakaleta farasi na baruti na mitego. Walikuwa na kitabu pia, nacho ni Gulliver's Travels cha Jonathan Swift, na usiku walikisoma kwa mwanga wa moto. Siku moja Neely aliporudi kambini alifanya mzaha kwa jina la mji wa majitu waliokuwa wamelisoma kitabuni, na kijito kilicho karibu na pale kinaitwa Lulbegrud hata leo.

Furaha yao haikudumu. Siku moja Stewart alivuka mto kwenda kutazama mitego, asirudi. Mvua ilikuwa imefurisha mto, na maji yalipopungua Boone alivuka akamtafuta. Aliona majivu ya moto, na herufi za jina la Stewart zimechongwa katika gome la mti. Zaidi ya hayo hakuona kitu. Neely aliogopa, akarudi kwao. Wakabaki ndugu wawili tu. Hata majira ya kuchipua yalipofika, baruti na risasi zilikuwa zimekaribia kwisha. Basi tarehe 1 Mei 1770 Squire akapakia ngozi juu ya farasi, akashika njia ya Carolina ili aziuze na kuleta mahitaji. Daniel akabaki peke yake. Hakuwa na mkate, wala chumvi, wala sukari. Hakuwa na farasi wala mbwa. Mtu wa karibu ambaye angeweza kumwita rafiki alikuwa ng'ambo ya milima, mwendo wa majuma mengi.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Alimwaza mkewe na watoto, na roho yake ikazama katika huzuni. Hakujua kwamba mwezi wa Desemba, karibu na siku zile alizokamatwa, Rebecca alikuwa amejifungua mtoto mwanamume, naye akamwita Daniel. Mtoto huyo alipata kuonana na baba yake akiwa na umri wa zaidi ya mwaka mmoja.

Boone hakuiacha huzuni imkalishe kitako. Alitoka kambini akaenda huku na huko, akafuata mito, akapanda vilele, akapima kwa macho mabonde na vijito hata akaijua nchi ile kama mtu ajuavyo ua wa nyumba yake. Siku moja alipanda mlima mrefu, na chini yake akaona nchi yote imetandazwa, na mto Ohio unang'aa mbali upande wa magharibi. Jioni akawasha moto karibu na chemchemi, akachoma nyama ya kiuno ya kulungu aliyemwua saa chache kabla, akala akalala. Baadaye alikumbuka siku hiyo kuwa mojawapo ya siku njema za maisha yake.

Namna alivyojitunza yafaa kuelezwa. Nyama ilikuwa tele, lakini nyama bila chumvi huoza upesi wakati wa joto. Kwa hiyo aliikata vipande vyembamba, akavitandaza juu ya uchanja wa fito, akawasha moto mdogo chini yake hata vikakauka kama magome. Nyama hiyo ilikaa siku nyingi, naye aliibeba mfukoni. Ngozi ya kulungu aliikwangua manyoya, akailainisha kwa kuipitisha juu ya ubao na kuisugua sana, ikawa laini kama nguo. Kwa ngozi hiyo alishona viatu, na viatu hivyo vilichakaa upesi, hata kazi ya kila jioni ikawa kuvitia viraka. Mafuta ya dubu yalitumika kwa kupikia na kwa kulainisha vyombo. Risasi alizisubu mwenyewe kwa kalibu, na kila alipoua mnyama alitafuta risasi katika mwili wake, akaiyeyusha tena.

Kitu kimoja hakuweza kukitengeneza, nacho ni baruti. Bunduki yake ilikuwa ya gumegume, ya kujaza kwa mdomo, risasi moja kwa mlipuko mmoja. Baruti iliyobaki katika pembe yake ndiyo iliyohesabu siku zake. Akikosa shabaha alipoteza nyama ya leo na sehemu ya nyama ya kesho. Kwa sababu hiyo hakupiga kulungu wa mbali, wala hakupiga nyati ikiwa haja yake ni chakula cha jioni moja. Hivyo hata mtu aliyekaa mbali na watu wote aliishi kwa kazi ya mikono ya watu asiowajua, waliosaga baruti katika miji iliyo karibu na bahari.

Tena palikuwa na hatari ya Washawnee, nao hawakuwa wamesahau. Boone alipoona dalili zao aliacha kambi yake, akalala ndani ya vichaka vinene vya mianzi, bila moto, hata kama usiku ni wa baridi. Alijizoeza kutembea ndani ya kijito ili asiache alama, na kupita juu ya magogo na mawe. Mbwamwitu walilia karibu naye usiku mzima. Kelele zao hazikumsumbua. Alichosikiliza ni ukimya, maana ndege na vyura wanaponyamaza kwa ghafula pana mtu anayepita.

Tarehe 27 Julai Squire akafika kambini na farasi wawili waliopakiwa mahitaji. Ndugu wakawinda pamoja mpaka majira ya kupukutika majani, kisha Squire akaenda tena kuuza ngozi, na Daniel akabaki peke yake mara ya pili. Husimuliwa kwamba wawindaji wengine kutoka ng'ambo ya milima, waliokuwa wakipita katika msitu huo siku zile, walisikia sauti ya ajabu. Mkubwa wao, Casper Mansker, akawaambia wenzake wajifiche, akanyatia kutoka mti hata mti akiwa na bunduki tayari. Akamkuta Daniel Boone amelala chali juu ya ngozi ya kulungu, hana kofia, anaimba kwa sauti yake yote. Mtu aliyejua kujificha hivyo alikuwa amesahau kujificha kwa sababu ya furaha.

Machi 1771 ndugu wawili wakaanza safari ya kurudi, na farasi wao wamejaa ngozi. Walipokaribia Mwanya wa Cumberland wakakutana na kundi la wenyeji, wakanyang'anywa ngozi zote na farasi wote. Boone aliwasili nyumbani baada ya miaka miwili, maskini kuliko alivyoondoka. Mali yake yote ilikuwa ndani ya kichwa chake, yaani njia, na vivuko, na chemchemi za Kentucky.

Mali hiyo ndiyo iliyoitoa Kentucky mikononi mwa wawindaji wake wote, na yeye mmoja wao. Boone hakuweza kunyamaza juu ya nchi aliyoipenda. Mwaka 1773 alijaribu kuhamia huko na jamaa yake na watu wengine. Mwana wake wa kwanza, James, kijana wa miaka kumi na sita, alikuwa na kundi dogo lililokuwa nyuma. Washawnee na wenzao waliwavamia alfajiri, James akauawa kwa mateso. Wahamiaji walimzika wakarudi nyuma. Mwaka 1775 mtu wa sheria aitwaye Richard Henderson aliwapa Wacherokee bidhaa ili wamwachie nchi ile, naye akamwajiri Boone akate njia. Boone, pamoja na watu wapatao thelathini wenye mashoka, wakafyeka njia kutoka milimani mpaka mto Kentucky, mwendo wa maili 200 na zaidi. Mwisho wa njia wakajenga boma lililoitwa Boonesborough. Washawnee hawakuulizwa.

Vita vilivyofuata vilikuwa virefu. Mwaka 1776 binti yake Jemima alitekwa pamoja na wasichana wawili, na Boone akafuata nyayo siku mbili hata akawaokoa. Mwaka 1778 alitekwa yeye, alipokuwa na watu wake wakichemsha chumvi. Blackfish, mkuu wa Washawnee, alimfanya mwana wake, akamwita Sheltowee, yaani Kobe Mkubwa. Boone alikaa kwao miezi minne, akala nao na kuwinda nao, akawaona ni watu wenye upendo kwa jamaa zao kama watu wake walivyo. Ndipo aliposikia kwamba jeshi linakusanywa kwenda kupiga Boonesborough. Akatoroka, akasafiri maili 160 kwa siku nne, akala mara moja tu njiani. Boma likaokoka. Baadhi ya watu wake walimshitaki kwamba alifanya urafiki na adui, naye akahukumiwa kuwa hana hatia, ila maneno hayo yalimwuma maisha yake yote. Mwaka 1782 mwana wake Israel aliuawa karibu naye katika vita vya Blue Licks. Boone alikuwa amewaonya wakubwa wasivuke mto, wasimsikilize.

Katika siku zile za kufyeka njia, watu waliokuwa wakikata miti walifungua mti mkubwa wenye uwazi ndani yake. Humo wakaona mifupa ya mtu, na pembe ya baruti yenye alama ya jina la John Stewart. Mfupa wa mkono ulikuwa umevunjwa na risasi. Alikuwa ameingia mle kujificha miaka kama mitano nyuma, asitoke tena.

Njia ya Boone ikajaa watu. Mwaka 1790 hesabu ya watu wa Kentucky ilipita 73,000, na mwaka 1800 ikafika karibu 221,000. Katika hao, watu 40,000 na zaidi walikuwa watumwa Waafrika, ambao hawakuivuka milima kwa hiari yao. Boone mwenyewe alipata kuwa na watumwa. Nyati waliokuwa wakitikisa ardhi kwa miguu yao walikwisha kabisa katika miaka hiyo hiyo, wengine wakiuawa kwa ajili ya ulimi tu. Boone alikuwa amejipatia mashamba mengi sana, lakini hakujua kuyaandikisha kwa utaratibu wa sheria. Watu waliokuja nyuma yake na karatasi nzuri zaidi wakamshitaki, na shamba baada ya shamba likamtoka. Kisa hupendwa kusimuliwa kwamba aliihama Kentucky kwa kuchukizwa na moshi wa jirani. Kisa hicho ni kizuri, lakini kilichomtoa ni madeni na mashauri ya mahakamani.

Mwaka 1799, akiwa na umri wa karibu miaka sitini na mitano, alivuka mto Mississippi akaenda Missouri, iliyokuwa chini ya mfalme wa Hispania. Huko alipewa ardhi tena, akawekwa kuwa mwamuzi wa watu, akaamua mashauri yao chini ya mti. Missouri ilipokuwa mali ya Marekani baada ya mwaka 1803, ardhi hiyo nayo ikapotea, kwa sababu ile ile ya karatasi. Mwaka 1814 Baraza la Marekani likamrudishia eka 850. Wadai wa Kentucky wakasikia habari, wakaja. Naye akaiuza yote akawalipa.

Rebecca alikuwa amekufa mwaka 1813. Mzee akaendelea kuwinda na kutega biva maadamu miguu ilimchukua, na macho yalipodhoofika alitengeneza mapembe ya baruti kwa ajili ya wajukuu wake. Jeneza lake alikuwa amelitengenezesha mapema, akaliweka nyumbani. Alikufa tarehe 26 Septemba 1820 katika nyumba ya mwanawe Nathan, akazikwa karibu na mkewe juu ya kilima kidogo kinachotazama bonde la mto Missouri. Mwaka 1845 watu walitoka Kentucky, nchi ambayo hakubakiwa nayo hata na shamba moja, wakaichukua mifupa ya mume na mke, wakaizika kwa heshima kubwa huko Frankfort.